Barua za Wasomaji: Binti Anayetaka Kurusha Ndege

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wetu wa Nyanda za Juu Kusini watuandikie kuhusu mabinti na wanawake walio katika kazi za usafiri wa anga, au wanaotamani kuingia humo. Barua zimetoka Mbeya, Iringa, Njombe na Rungwe. Majina ya waandishi tumeyahifadhi, na zile ndefu tumezifupisha.

SWALI: Ninaishi Uyole na ninauza viazi mviringo sokoni Mwanjelwa. Binti yangu yuko kidato cha pili. Tangu siku tuliyokwenda kumpokea shangazi yake uwanja wa ndege wa Songwe hana wimbo mwingine: atakuwa rubani. Mjomba wake anasema hiyo ni kazi ya wanaume na ya watoto wa wakubwa, na kwa kuwa hesabu anapata C, heri achukue masomo ya sanaa mapema tusipoteze fedha. Mimi mwenyewe nimeishia darasa la saba. Nimsikilize nani?
*Mama wa Uyole, Mbeya*

JIBU: Mama wa Uyole, kabla ya kuzungumza habari ya ndege au ya fedha, tazama uchaguzi ambao binti yako ataufanya akiingia kidato cha tatu. Katika shule nyingi huo ndio wakati wa kuamua kama mwanafunzi ataendelea na Fizikia na Kemia au ataziacha, na msichana anayeiacha Fizikia akiwa na miaka kumi na mitano anajifungia kwa siku moja urubani, uhandisi, ufundi wa ndege na utabiri wa hali ya hewa, mara nyingi bila yeye wala mzazi wake kutambua kwamba kuna kitu kimefungwa. Asiiache Fizikia. C ya Hisabati katika kidato cha pili inaonyesha tu kwamba kuna mada ambazo hazijamkaa, na kumlipa mwalimu wa kumfundisha masomo ya ziada ni gharama unayoweza kuipanga kwa mauzo ya viazi. Hata akibadili nia baadaye, aliyefaulu Fizikia na Hisabati hakosi pa kwenda, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kiko hapo hapo Mbeya.

Kuhusu fedha, mjomba hajakosea, na sitaki nikudanganye kwa maneno matamu. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, yaani ICAO, vinamruhusu mtu kupata leseni ya rubani binafsi akiwa na miaka 17 na saa 40 za kuruka, lakini leseni hiyo haimruhusu kulipwa kwa kurusha ndege. Leseni ya biashara hutolewa kuanzia miaka 18, kwa saa 200 za kuruka, au 150 kwa anayesoma katika chuo kilichoidhinishwa kwa mpango mmoja usiokatizwa. Kila saa moja ina mafuta yake, mkufunzi wake na matengenezo ya ndege yenyewe, na ndiyo maana gharama ya safari yote kwa kawaida hupita shilingi milioni 100. Hakuna mzazi wa kawaida anayeitoa fedha hiyo mfukoni.

Wanaofika hufika kwa njia nyingine. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ilianzisha mfuko wa kuwasomesha marubani na wahandisi wa ndege, na mwombaji hutazamwa kwanza kwa ufaulu wake wa masomo ya sayansi, jambo linaloturudisha kwenye ile Fizikia. Wapo pia wanaoingia kwanza katika kazi nyingine ya uwanja wa ndege, wakajiwekea akiba, na kuongeza saa zao kidogo kidogo. Njia hiyo ni ya zamani. Lotfia El Nadi wa Misri, mwanamke wa kwanza wa Afrika kupata leseni ya urubani, hakuwa na ada wala idhini ya baba yake. Aliomba kazi ya kupokea simu na ukatibu katika chuo cha urubani, akalipia mafunzo kwa jasho hilo, na mwaka 1933 akapata leseni yake. Mjomba akisema hiyo ni kazi ya wanaume, mwambie ameanza kuchelewa kabla hata ya yeye kuzaliwa.

Lingine linalonisumbua ni kwamba mabinti wetu huonyeshwa kazi mbili tu, ile ya rubani na ile ya mhudumu wa ndege. Wahudumu ninawaheshimu, kwa sababu soda na karanga ni sehemu ndogo ya kazi yao. Wapo pale ili siku ya ajali wawatoe abiria nje, na ndege kubwa ya abiria haipewi cheti mpaka mtengenezaji athibitishe kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 kwa kutumia nusu tu ya milango. Lakini katikati ya rubani na mhudumu kuna watu wengi ambao abiria hawaoni. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kilichopo Dar es Salaam, hufundisha ufundi wa ndege. Chuo cha usafiri wa anga kilicho chini ya TCAA, nacho Dar es Salaam, hufundisha uongozaji wa ndege (yaani kuwaelekeza marubani kwa redio), usalama wa viwanja na utoaji wa taarifa za safari. Wataalamu wa hali ya hewa wana chuo chao Kigoma. Ada za huko hazilingani na zile za urubani, na mishahara yake inajenga nyumba.

Ukipata nafasi, mtazame fundi wa ndege akiwa kazini. Sanduku lake la zana lina godoro lililokatwa kwa umbo la kila kifaa, spana kwa tundu lake na bisibisi kwa tundu lake, na kabla ya kufunga kifuniko cha injini huyapitia matundu yote moja baada ya jingine. Likionekana tundu tupu, ndege haiondoki mpaka kifaa kipatikane, hata kama abiria wamekwisha kupanda na wanatazama saa. Kazi hiyo inadai utulivu, kumbukumbu na ujasiri wa kumwambia mkubwa wako kwamba bado. Sioni kiungo cha mwili wa mwanamume kinachohitajika hapo.

Mwisho, binti yako ajue kwamba mwenye leseni mpya ya biashara haanzii kwenye Airbus inayotua Songwe. Wengi huanza na ndege ndogo za injini moja kama Cessna Caravan, wakiwapeleka watalii katika viwanja vya hifadhi kama Ruaha na kujikusanyia saa, kwa kuwa leseni ya juu kabisa, ile ya rubani wa shirika la ndege, inadai saa 1,500 na umri wa miaka 21.

SWALI: Shikamoo mhariri. Nimemaliza kidato cha sita Iringa kwa tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) na nina ufaulu mzuri. Ninavaa miwani tangu kidato cha kwanza, na kwa kimo mimi ni mfupi kuliko wenzangu wote. Rafiki yangu ananiambia nisijisumbue, kwamba rubani lazima awe na macho mazima na awe mrefu. Ni kweli?
*Binti wa PCM, Iringa*

JIBU: Marahaba, binti. Si kweli, na imani hiyo imewakatisha tamaa wengi wenye uwezo. Kipimo cha afya cha rubani wa biashara kinaitwa daraja la kwanza, na katika macho kinachotazamwa ni unavyoona ukiwa na miwani yako, si unavyoona bila hiyo: kila jicho peke yake lifikie 6/9, yaani lisome kwa mita sita kile ambacho jicho zima husoma kwa mita tisa, na yote mawili kwa pamoja yafikie 6/6. Anayehitaji miwani huivaa awapo kazini na kubeba nyingine ya akiba. Kinachoweza kukuzuia zaidi ni kutotofautisha rangi, kwa kuwa taa za uwanja na alama nyingi za chumba cha marubani hutegemea rangi, na wapo wanaoishi miaka mingi bila kujua kwamba wana tatizo hilo.

Kimo hakina kiwango katika kanuni za ICAO. Swali ni kama mikono na miguu yako inafikia vifaa vyote na kama unaona nje vizuri, na kiti cha rubani kinasogezwa mbele, nyuma, juu na chini. Baadhi ya mashirika hujiwekea kiwango chake, hasa kwa wahudumu, ambao lazima wafikie vifaa vya dharura vilivyo juu ya viti. Soma tangazo la kila mwajiri.

Sasa nisikilize kwa makini, maana hapa fedha za familia hupotea. Fanya kipimo cha daraja la kwanza kwanza, kwa daktari aliyeidhinishwa na TCAA, kabla hujalipa hata shilingi moja ya ada katika chuo chochote cha urubani. Nimeshangaa kuona jinsi wazazi wanavyouza shamba, wanalipa nusu ya ada, ndipo mtoto anapelekwa kupimwa. Chuo kitakachokuharakisha ulipe kabla ya kipimo, kiogope.

Jambo jingine ambalo halisemwi sana ni Kiingereza. Rubani na mwongoza ndege wanaohudumia safari za kimataifa hupimwa uwezo wa kukizungumza na kukisikia redioni, katika ngazi sita, na ngazi ya nne ndiyo ya chini inayokubalika. Huko hawatafuti lafudhi ya London. Wanataka ueleweke, na uweze kueleza jambo lisilo la kawaida kwa maneno machache. Msichana wa shule ya kata anayesikiliza habari za redio kwa Kiingereza kila siku na kuzirudia kwa sauti anajiandaa vyema kuliko anavyodhani.

SWALI: Mke wangu ni mwongoza ndege na sasa ni mjamzito, miezi mitano. Kazi yake ni ya zamu. Kuna siku anaondoka alfajiri na siku nyingine anarudi usiku. Mama yangu mzazi na dada zangu wanasema mwanamke mwenye mimba hana kazi ya usiku, aache kazi alee mtoto. Yeye anaipenda kazi yake na mimi sitaki aiache, ila sina la kuwajibu wazee. Sheria inasemaje?
*Mume, Mbalizi*

JIBU: Ndugu yangu, una la kuwajibu, na uzuri ni kwamba mama yako ana hoja ambayo sheria inaikubali kwa sehemu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mwajiri kumpangia mjamzito kazi ya usiku katika miezi miwili ya mwisho kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, au mapema zaidi iwapo daktari ataandika hivyo, na katazo hilo linaendelea kwa miezi miwili baada ya kujifungua. Usiku katika sheria hiyo ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mwambie mama kwamba hofu yake imeshafikiriwa na Bunge, na haihitaji mke wako aache kazi.

Likizo ya uzazi yenye malipo ni siku zisizopungua 84, na 100 iwapo atajaliwa mapacha. Amjulishe mwajiri kwa maandishi, pamoja na cheti cha daktari, angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua. Kwa hesabu ya miezi mitano mliyonayo, barua hiyo iandikwe mwezi huu. Akirudi kazini ana haki ya kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Nawe una siku zako tatu za likizo ya uzazi, za kuchukuliwa ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Zichukue. Wanaume wengi wa huku kwetu huona aibu kuziomba.

Upo pia utaratibu wa leseni yake. Kwa viwango vya ICAO mwongoza ndege mwenye mimba isiyo na matatizo anaweza kuruhusiwa kuendelea na kazi, baada ya kuchunguzwa, hadi mwisho wa wiki ya 34, ilhali rubani huruhusiwa kuruka kati ya mwisho wa wiki ya 12 na mwisho wa wiki ya 26 peke yake. Baada ya kujifungua wote wawili huchunguzwa upya kabla ya kurejea. Mimba kwa hiyo inasimamisha kazi kwa muda unaojulikana na haiifuti leseni. Waajiri wanaowapa wanawake kazi nyepesi za ofisini katika kipindi hicho, badala ya kuwaonyesha mlango, wanapata faida yao, kwa sababu kumfundisha mwongoza ndege mpya huchukua miaka.

Kama wazee bado wanaona kwamba hiyo ni kazi ya kukaa na kuzungumza redioni, jaribu kuwaeleza inavyokwenda. Mke wako akimwambia rubani ashuke hadi futi 9,000, rubani hurudia maagizo hayo, naye mke wako huyasikiliza marudio kwa makini kuliko alivyoyasema mwenyewe, maana akirudishiwa futi 8,000 na asistuke, kuna milima mbele ya ndege. Hufanya hivyo kwa kila ndege, zamu nzima. Akirudi nyumbani usiku anahitaji chakula kilichokwisha kupikwa na saa za kulala mchana bila kugongewa mlango, na hapo ndipo dada zako wanaweza kumsaidia kweli kuliko kumshauri aache.

SWALI: Mwanangu wa kike ana miaka kumi na mbili na anapenda nyota na roketi. Tanzania hatuna roketi. Je, nimwache aote?
*Baba, Njombe*

JIBU: Mwache, lakini mpe pia Hisabati na Jiografia. Kazi nyingi za anga za juu hufanyika juu ya meza, hapa chini, na hazihitaji roketi ya nchi. Kenya ilirusha setilaiti yake ya uchunguzi wa dunia, Taifa-1, mwezi Aprili 2023 kwa roketi ya Marekani, na shughuli yenyewe ni kuzisoma picha: mashamba, misitu, mafuriko. Simu yako inayokuonyesha njia ya kwenda Makambako inatumia mfumo wa setilaiti ambao msingi wake wa hesabu za umbo la dunia ulifanyiwa kazi na mwanamke Mmarekani mweusi, Gladys West, aliyezaliwa katika familia ya wakulima huko Virginia. Na Mae Jemison, Mmarekani mweusi aliyekwenda anga za juu mwaka 1992, alikuwa daktari wa tiba. Hapa nyumbani Mamlaka ya Hali ya Hewa imewahi kuongozwa na mwanamke, Dkt. Agnes Kijazi, na utabiri wa mvua unaoutegemea kwa viazi na parachichi zako unatumia picha za setilaiti kila siku.

SWALI: Ninafundisha Fizikia katika shule ya sekondari wilayani Rungwe. Tunataka kufanya siku ya kuwaenzi wanawake wa usafiri wa anga, lakini mwaka jana wageni walitoa hotuba, tukakata keki, na kidato kilichofuata wasichana waliochagua Fizikia walikuwa wale wale wachache. Tufanye nini tofauti?
*Mwalimu, Tukuyu*

JIBU: Mwalimu, keki haina ubaya, ila uliyoyaona ndiyo ninayoyaona kila mahali. Mwanamke mmoja wa ajabu akiletwa mbele ya wanafunzi na kusifiwa kwa saa nzima, msichana wa kawaida aliyekaa nyuma hujiambia kwamba yeye si wa ajabu. Ninapendelea mfano wa safari ya Ethiopian Airlines ya Novemba 2015 kutoka Addis Ababa hadi Bangkok, iliyoongozwa na Kapteni Amsale Gualu. Sifa yake kwangu haikuwa kapteni peke yake. Kazi ya safari ile ilifanywa na wanawake kuanzia kaunta ya abiria, kwa wapanga safari, hadi chumba cha marubani, na msichana anayeisikia habari hiyo anaweza kujiona mahali fulani katika mstari ule. Waambie pia habari za Irene Koki Mutungi wa Kenya, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuwa kapteni wa Boeing 787, lakini msisahau kusema kwamba baba yake naye alikuwa rubani. Wanafunzi wako ambao baba zao wanalima chai wana haki ya kujua kwamba njia yao ni ndefu kidogo, na kwamba kwa sababu hiyo tunawaandalia daraja.

Halafu fundisha. Una somo la Fizikia ambalo mwalimu wa Dar es Salaam hana. Uwanja wa Songwe uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na ule wa Nduli, Iringa, zaidi ya mita 1,400. Katika kimo cha Songwe hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 12 kuliko pale pwani, na mchana wa jua kali hupungua zaidi. Bawa linapata hewa kidogo ya kuliinua, injini inapata hewa kidogo ya kuchomea mafuta, kwa hiyo ndege inahitaji mwendo mkubwa zaidi na barabara ndefu zaidi kabla ya kuinuka. Kama vile dereva wa lori anavyopima mzigo kabla ya kuukabili mlima Kitonga, rubani naye hupima uzito, joto na urefu wa barabara kabla ya kuondoka. Wape wasichana joto la asubuhi na la mchana, wakokotoe uzani wa hewa wenyewe, kisha wakuambie ni saa ngapi wangeondoka wakiwa na ndege iliyojaa. Ongeza ukungu, ambao kila aliyewahi kusubiri ndege Songwe anaufahamu, maana unaweza kuinyima ndege nafasi ya kutua katika hiyo hiyo asubuhi yenye hewa nzito iliyo nzuri kwa kuruka. Hilo ni fumbo zuri la darasani, na jibu lake si moja.

Fedha za keki zikodishe basi dogo la kuwapeleka Songwe, na wapeleke wa kidato cha pili, kwa kuwa wale wa cha nne wamekwisha kuchagua. Barua ya maombi ipelekwe kwa meneja wa uwanja mapema, ikitaja idadi ya wanafunzi, majina ya walimu watakaowasindikiza na tarehe mbili mnazoweza. Msiombe mgeni rasmi. Ombeni mwanamke yeyote aliye zamu siku hiyo, awe wa mnarani, wa zimamoto au wa ukaguzi wa mizigo, apewe nusu saa ya kuwaeleza alisoma wapi, nani alimlipia na alipata ngapi katika Fizikia.